Mtu Asiyeonja Mvinyo Wake

Elinaja alikuwa mtu wa kushuku, na hakuona haya kusema hivyo. Alishuku maziwa ambayo tarehe yake ya kuharibika ilikuwa mbali mno. Alishuku mafundi wa magari wa Saint Paul, hasa wale wanaocheka na wateja. Alishuku barua yoyote iliyoanza kwa kumpongeza. Mkewe Doris, Mnyakyusa wa Tukuyu asiyemung'unya maneno, alipenda kuwasimulia wageni kwamba siku ya harusi yao mumewe alikisoma cheti cha ndoa mara tatu kabla ya kutia sahihi, hata mchungaji akaanza kukohoa. Elinaja akisikia hivyo hukunja uso na kusema kwamba ile mara ya pili alikuta jina la baba yake limekosewa. Na kweli lilikuwa limekosewa.

Tabia hiyo hiyo ndiyo iliyompatia kazi. Alikuja Minnesota mwaka 1986 kusomea kemia kwenye chuo kimoja cha Walutheri. Akamaliza, akazunguka na vyeti vyake kwenye maabara za watu mpaka soli za viatu zikaisha, na mwishowe akaangukia kwenye duka moja la mvinyo hapo Saint Paul, kazi ya kubeba katoni kutoka stoo. Mwenye duka alikuwa Margaret, mjane wa miaka sitini hivi, mwenye sauti ndogo na macho yasiyokosa kitu. Siku moja Margaret alikuwa amemfungulia mteja chupa ya bei mbaya, na wote wawili wanaisifia. Elinaja akapita na katoni begani, akasimama, akasema ule mvinyo unaumwa. Wakamtazama. Akasema unanuka gunia lililolala mvuani. Margaret akanusa tena, akafungua chupa ya pili ya aina ile ile, akaonja, kisha akamwambia Elinaja atue katoni.

Ulimi ule aliutoa Marangu. Mama yake alikuwa akipika mbege, na mbege yake ilijulikana mpaka Mwika. Elinaja alikulia kwenye mapipa yale. Alizijua ndizi zilizopitiliza, aliujua ulezi ulioota vizuri na ule uliokwisha kuvunda, na aliujua msesewe, lile gome chungu la mti linalotiwa ili pombe ipate ukali na isiishie kuwa uji mtamu. Wataalamu wa mvinyo walipomweleza habari ya ule ukavu unaobana ulimi kwenye mvinyo mwekundu, na majina yake ya kikemia, Elinaja aliitikia kwa heshima, maana ya kikemia aliyajua kuliko wao. Lakini kwenye daftari lake aliandika neno moja tu. Msesewe mwingi. Msesewe wa kutosha. Hauna msesewe, hii ni juisi.

Na kulikuwa na jambo jingine alilotoka nalo huko. Kwa Wachaga wa zama za mama yake, mtu akikukaribisha pombe hakupi tu chombo akakaa kukutazama. Anakunywa kwanza yeye, mbele ya macho yako, funda la kumeza, ndipo akupe. Hapo unajua kwamba humo ndani mna pombe na si kitu kingine. Elinaja akiwa na miaka tisa aliona mgeni mmoja kaleta debe la mbege kwenye arusi ya jirani. Akalitua, akajifuta jasho, akakaa pembeni bila kuonja. Hakuna aliyemuuliza wala kumlaumu. Debe likakaa pale pale watu wakilipita, na arusi ilipokwisha likamwagwa kwenye migomba.

Kufikia mwaka 1997 jina la Elinaja lilikuwa limebandikwa kwenye rafu za Margaret. Zilikuwa kadi ndogo za rangi ya krimu, na kila kadi aliiandika kwa mkono wake: mvinyo huu unatoka wapi, nani kautengeneza, unafaa kunywewa na chakula gani, na chini kabisa, “Nimeuonja mwenyewe. Elinaja.” Watu walitoka hata vitongoji vya mbali kama Maple Grove kuuliza Elinaja kaweka nini wiki hii. Jina walilitamka kila mtu kivyake, lakini chupa walichukua ile ile. Alichokipenda zaidi kilikuwa mivinyo myekundu ya Australia, na si ya makampuni makubwa, bali ile ya familia, inayopita kwa baba na mwana na mjukuu kwenye shamba moja. Sababu yake ilikuwa ya kwake mwenyewe. Kampuni kubwa, alisema, ikikudanganya huna wa kumgombeza. Familia ina mlango, na mlango unagongwa.

Mwezi wa Aprili mwaka huo alidanganywa hata hivyo. Wakala mmoja alikuja na chupa ya mfano, mvinyo wa kumfanya mtu akae chini. Elinaja akauandikia kadi. Katoni zilipofika, ndani mlikuwa na kitu kingine kabisa chenye nembo ile ile, chembamba, kimechachuka, na wateja wakarudi na chupa mkononi, mmoja mmoja, wapole kama kawaida ya watu wa Minnesota, wakisema labda tatizo ni ndimi zao. Upole ule ulimchoma kuliko matusi. Wakala hakuonekana tena. Margaret alizitoa chupa zote rafuni, kisha akamwambia Elinaja bila kupandisha sauti kwamba kadi ile ilikuwa ahadi, na ahadi ya namna hiyo ikivunjika mara ya pili hazitakuwepo kadi tena. Elinaja alielewa maana yake. Angerudi stoo kubeba katoni, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, na jina lake lingebanduliwa ukutani watu wakiona.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mwezi wa Oktoba, alipoingia Neville Zwarten.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, shingo nyekundu ya jua, na mikono ya mkulima, kucha zimeingia weusi usiotoka kwa sabuni. Alitoka bonde la Barossa, Australia Kusini, kwenye shamba alilolianzisha babu wa baba yake, Mlutheri aliyehama Ujerumani na Biblia moja na vipandikizi vya mizabibu. Hilo la Ulutheri Elinaja alilisikia kwa hisia mbili. Babu zake mwenyewe walibatizwa na Wajerumani wa aina hiyo hiyo, kwa hiyo mtu huyu alikuwa kama ndugu wa mbali. Lakini Walutheri aliwajua toka utotoni, na hakuona kwa nini asiwashuku.

Neville alifungua chupa ya Shiraz, mvinyo mwekundu wa kwao, juu ya kaunta. Akammiminia Margaret, akammiminia Elinaja. Glasi yake mwenyewe akaitia maji.

Elinaja alinusa, akaonja, na kwa muda akasahau kushuku. Mvinyo ulikuwa karibu mweusi, mzito bila ulegevu, una harufu ya ngozi mpya ya viatu na ya ndizi zilizokaushwa juu ya moshi, na mwishoni kabisa ukaja ule ukali, taratibu, ukakaa. Aliandika kwenye daftari: msesewe wa mama.

Kisha akainua macho. “Na wewe?”

“Mimi naujua,” alisema Neville, akitabasamu. “Endeleeni.”

“Hutakunywa na sisi?”

“Ni zamu yenu.” Akamgeukia Margaret, akaanza kueleza kwamba baba yake, mzee wa miaka sabini na mitatu, bado anapogoa mizabibu kwa mkono wake, na kwamba kampuni kubwa imekuja mara mbili kutaka kulinunua shamba. Kama Amerika haitaupokea mvinyo wao msimu huu, mzee atauza kabla ya Krismasi. Alilisema hilo bila kulia shida, macho yakiwa kwenye kizibo alichokuwa akikizungusha vidoleni.

Neville alipoondoka, Margaret aliuliza, “Ni mzuri?”

“Ni mzuri mno.”

“Sasa mbona umenuna?”

“Hakunywa.”

Margaret alimtazama kidogo. “Watu wengine hawanywi,” alisema, kwa ile sauti ya Kiminnesota inayofunga mazungumzo kwa adabu, akaenda kupanga chupa.

Elinaja alibaki na jambo lake. Muuza mvinyo asiyekunywa mvinyo. Alilibeba mpaka nyumbani, akalimwaga mbele ya Doris aliyekuwa ndiyo kwanza amevua sare ya hospitali.

“Baba Bupe, mwache mtoto wa watu,” alisema Doris. “Pengine dini yake haimruhusu.”

“Ni Mlutheri.”

“Basi tumbo lake halitaki.”

“Mama Bupe, mtu analima mizabibu vizazi vinne, tumbo halitaki? Anajua kilichomo, ndiyo maana.”

“Nyie Wachaga mtakufa kwa sumu ambayo hakuna aliyewapa,” alisema Doris, akaingia jikoni. Bupe, binti yao wa miaka minane, aliuliza kwa Kiingereza sumu ni kitu gani, akaambiwa amalize kazi yake ya shule.

Wiki zilizofuata Elinaja alifanya uchunguzi. Alidai chupa nyingine, akaichagua mwenyewe kutoka chini ya katoni. Nzuri. Akadai ya tatu, kutoka katoni nyingine. Nzuri zaidi. Mtu mwingine angetulia, lakini yeye kila chupa nzuri ilimzidishia wasiwasi, maana hata ya Aprili ilianza kwa uzuri. Margaret alipowaalika chakula cha mchana wote wawili, Elinaja alimwona Neville akiketi na, kabla hajafungua hata orodha ya vyakula, akaigeuza glasi yake ya mvinyo juu chini. Aliigeuza bila kuitazama, kwa mkono uliozoea. Elinaja aliyatia hayo akilini: mtu asiyetaka hata mhudumu akosee akammiminia.

Lililomvuruga kabisa lilitokea kanisani. Waswahili wa Saint Paul walikuwa na kwaya yao, na Jumanne saa moja jioni walifanya mazoezi kwenye chumba cha chini ya kanisa. Ufunguo alikuwa nao Elinaja. Kabla yao chumba hicho kilitumiwa na kikundi fulani cha Wazungu kilichoacha viti vimepangwa duara, birika la kahawa likiwa bado la moto, na mkebe wa vichungi vya sigara nje ya mlango. Kwa miaka yote hiyo Elinaja hakuwahi kuuliza ni akina nani. Aliwashuku tu kwamba wanaimaliza sukari ya kwaya. Hata Philister alimshuku. Huyu alikuwa Mkenya wa Maple Grove, mhudumu kwenye nyumba ya wazee, sauti ya pili, naye kila Jumanne alikuwa wa kwanza kufika. Mwalimu wa kwaya alimsifu mbele ya wote kwa kuwahi. Elinaja akimkuta keshakaa ndani alijiuliza ameingiaje bila ufunguo, na akatazama sahani ya donati za Wazungu kuona zimebaki ngapi.

Jumanne moja ya Novemba alimkuta Neville amesimama mlangoni pale na watu wa kikundi, anavuta sigara, anacheka kama mtu aliye kwao. Alipomwona Elinaja kicheko kilikatika. Akapunga mkono, akaondoka.

Elinaja aliingia ndani moja kwa moja. “Philister, yule Mzungu mrefu anatafuta nini hapa?”

“Mimi nitajuaje, bana,” alisema Philister, akizikunja karatasi za nyimbo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. “Nimekuja tu mapema.”

Hata hakumtazama usoni. Elinaja alilitia na hilo akilini. Aliimba jioni ile bila kusikia anachoimba, maana mambo yote yalikuwa yamejipanga kichwani mwake: mtu huyu amekuja kumpeleleza kwao, anawatengeneza watu wa kanisani mwake, ili mvinyo ukigeuka kuwa maji machafu awe na mashahidi wa kumtetea.

Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani ndiyo siku ambayo duka la Margaret hujaa kuliko siku zote, kila mtu anatafuta cha kunywa na bata mzinga. Margaret alikuwa ameagiza katoni mia za Zwarten, na siku hiyo Neville mwenyewe angesimama dukani kuwaonjesha wateja. Kilichokosekana ni kadi. Elinaja alikuwa ameiandika. Ilikuwa mfukoni mwake siku ya nne, na alikuwa ameapa kimoyomoyo kwamba haitatoka mfukoni mpaka mtu yule ameze mvinyo wake mbele ya macho yake.

Saa nane mchana watu walikuwa wamebanana na makoti yao mazito, sakafu imelowa theluji ya viatu. Neville alimimina vionjo vidogo na kusimulia habari za babu wa baba yake, na watu wakampenda. Elinaja alitoka nyuma ya rafu akiwa na glasi kubwa, ile ya mezani. Akaijaza nusu. Akasimama mbele ya Neville, glasi mkono mmoja, kadi mkono wa pili, na kwa Kiingereza chake cha taratibu akawaambia watu kwamba kwao, chini ya Kilimanjaro, anayeleta pombe hunywa kwanza. Si kuonja na kutema. Kumeza. Akishakunywa, wote mnajua mko salama, na yeye Elinaja ataitundika kadi yake.

Watu walifurahi. Mama mmoja aliyevaa sweta lenye picha ya bata mzinga alisema hajapata kusikia mila nzuri kama hiyo. Mtu akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata.

Neville aliitazama glasi, akaitazama kadi. Kisha akatazama juu ya vichwa vya watu, upande wa mashine ya fedha, ambako Margaret alikuwa na foleni mbele yake. Margaret aliinua kichwa, akaona, akaacha mteja na chenji yake na kuanza kujipenyeza. “Elinaja,” aliita, lakini sauti yake ilikuwa ile ile ndogo, na makofi yaliifunika.

Neville akainywa. Aliinywa yote kwa mkupuo mmoja, macho amefumba, na mtu aliyeishi kwa kuonja angepaswa kutambua kwamba hivyo sivyo wanavyokunywa waonjaji. Akairudisha glasi.

“Ni mzuri,” alisema polepole. “Nilikuwa nimesahau.”

Elinaja aliitundika kadi. Moyo ulikuwa mweupe kabisa, mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu Aprili, akampiga Neville begani na kumwita ndugu. Margaret alikuwa amesimama katikati ya duka, mkono mdomoni. Alirudi kwenye mashine ya fedha. Katoni ziliisha kabla ya saa kumi na moja. Neville hakuwepo kuona. Alikuwa ameondoka mapema, hakuaga mtu, na koti lake lilibaki kwenye msumari wa stoo. Elinaja alilitazama lile koti na kujiuliza ni mtu gani anayesahau koti Minnesota mwezi wa Novemba.

Jumapili maduka ya pombe yalifungwa, kama sheria ya huko ilivyotaka. Jumatatu Margaret alizungumza naye mambo ya kazi tu. Jumanne Elinaja alipofika kanisani na ufunguo wake alimkuta Philister nje, mikono kwapani, anamsubiri.

“Brother Elinaja, nataka kukuuliza kitu, na unijibu poa.”

“Uliza.”

“Ni duka gani hapa Saint Paul iko na jina ya mtu kwa ukuta?”

Elinaja aliurudisha ufunguo mfukoni. “Kwa nini?”

Philister alitazama nyuma yake, kuona kama kuna mwanakwaya anayekuja. “Hao watu tunawapata hapa kila Tuesday, wewe unadhani wanafanyanga nini? Ni watu waliacha pombe. Tunakutana tusaidiane, tusirudi huko.”

“Tunakutana?”

“Tunakutana. Mimi nikona miaka tatu na miezi saba. Ndio maana naingianga mapema.” Aliyasema kwa haraka, kama mtu anayevuka barabara. “Sheria yetu ni kila mtu afunge mdomo, ya mwenzako huisemi popote. Leo nimeivunja. Kuna mmoja wetu alipona hapa Minnesota, akarudi kwao, sasa alikuwa amekuja kuuza waini ya baba yake. Alichagua kuuzia hapa sababu sisi tuko hapa, ndio tumshikilie. Akona six years hajaonja. Hii Tuesday ndio tulikuwa tumpatie medali yake. Sunday akanipigia simu akiwa mlevi chakari, analia. Anasema alipewa glass mbele ya watu, wakampigia makofi, na hakuweza kukataa, sababu angekataa shamba ya baba yake inaenda. Sasa hashiki simu. Ni nani alimpea, Elinaja? Wewe ndio unajua hizo maduka.”

Angeweza kusema hajui. Neno lilikuja mpaka kwenye ulimi, na lilikuwa tamu. “Ni mimi,” alisema.

Philister hakumgombeza. Elinaja akatamani amgombeze.

“Ako motel moja huko Burnsville, karibu na highway 35,” alisema Philister. “Na hii yangu, ikifika kwa choir, nitajua ni wewe.”

“Haitatoka kwangu.”

“Tutaona,” alisema Philister. Akaingia ndani.

Aibu ilimkaa Elinaja kifuani usiku kucha. Alimweleza Doris kila kitu, ila la Philister alilimeza. Alisubiri aambiwe “si nilikwambia”, na Doris hakumwambia. Aliamka mapema tu, akasaga kahawa iliyotoka shambani kwa mama mkwe wake, Marangu, akaijaza kwenye chupa ya chai, akaiweka mezani karibu na funguo za gari.

Dukani Margaret alikuwa peke yake. Elinaja alichukua koti kwenye msumari. “Ulijua,” alisema.

“Nilikuambia,” alisema Margaret. “Watu wengine hawanywi.” Alikuwa akifuta kaunta iliyokuwa safi. “Hapa kila nyumba ina mtu wake wa chupa, Elinaja. Mimi nilikuwa naye miaka ishirini na sita, mpaka nikamzika. Hatuulizi. Mtu akigeuza glasi yake, unapitisha chupa kwa mwingine. Nilidhani miaka kumi na moja inatosha mtu kuliona hilo.”

Elinaja alilikunja koti mkononi. Yeye aliyejua kila kizibo kilichooza alikuwa ameona yote, glasi ya maji, glasi iliyogeuzwa, viti vya duara, na katika yote hayo hakuwahi kuwaza jambo jingine ila baya. Alikwenda kwenye rafu ya Zwarten, iliyokuwa tupu, akaing'oa kadi yake, akaitia mfukoni.

Barabara ya 35 ilikuwa na theluji mpya na msururu wa watu wanaokwenda kwao kwa sikukuu. Alifika Burnsville saa sita mchana. Alibisha mlango mara tatu kabla haujafunguliwa. Neville alikuwa na shati lile lile la Jumamosi. Nyuma yake, juu ya televisheni, zilisimama chupa tano za familia yake, tupu.

“Nimekuletea koti,” alisema Elinaja.

“Liweke hapo.”

Aliliweka kitandani. Alikuwa amejiandalia maneno njiani, na maneno yalikataa kuja kwa mpangilio. Akasema tu kwamba amekosa, kwamba alimshuku bure, kwamba hakujua, na kwamba kutojua kwake si udhuru, maana alichokuwa akitafuta kilikuwa mbele ya macho yake. Neville alisikiliza akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono ameibana kati ya magoti. Hakusema amesamehe. Elinaja alifungua chupa ya chai, akamimina kahawa kwenye kifuniko chake, akamnyooshea.

Neville alikitazama kile kifuniko, wala hakukipokea.

“Mna nini humo?” aliuliza.

Elinaja alifungua mdomo kukasirika. Ilimchoma, yeye kuulizwa hivyo, kwa kahawa ya mama yake. Alikaa na maumivu hayo kidogo, na hapo ndipo alipomfahamu yule mtu wa debe la arusini, aliyekaa pembeni siku nzima watu wakimpita. Pengine naye hakuwa akinywa. Hakuna aliyemuuliza.

Akakirudisha kifuniko mdomoni mwake mwenyewe, akanywa funda, akameza, kahawa ikimuunguza koo. Akanyoosha mkono tena.

“Tena,” alisema Neville.

Elinaja akanywa tena.

Ndipo Neville alipokipokea, kwa mikono yote miwili. Elinaja alivuta kiti akakaa. Hakusema kunywa, na hakumtazama. Aligeuza uso dirishani, akatazama magari yakienda polepole kwenye theluji, mpaka aliposikia kifuniko kikiwekwa mezani. Hakugeuka kuangalia kama kimebaki kitu.